Lucy Gichuhi hakupewa kiti na mahakama

Mhariri,

Likitajwa jina la Lucy Gichuhi, hakosi mtu wa kudai kwamba Mkenya huyo "alipewa" useneta wa Australia na majaji. Madai hayo yanawapotosha ndugu zetu walio huko wenye nia ya kugombea.

Gichuhi, mhasibu mzaliwa wa Nyeri aliyehamia Australia mwaka 1999 na baadaye kusomea sheria, aligombea mwaka 2016 jimboni South Australia kwa tiketi ya Family First, chama kidogo. Alikuwa wa pili kwenye orodha ya wagombea wa chama. Wa kwanza, Bob Day, alishinda, lakini Aprili 2017 Mahakama Kuu ikaamua kuwa hakustahili kuchaguliwa kwa sababu ya maslahi yake ya kifedha katika jengo ambalo serikali ililikodi liwe ofisi yake. Katika hali hiyo hapaitishwi uchaguzi mdogo. Kura zilezile huhesabiwa upya kana kwamba aliyeondolewa hakugombea. Wapiga kura wengi huandika 1 kwenye kisanduku cha chama, si kwa mgombea mmoja mmoja, kwa hiyo kura za Day zilimshukia aliyemfuata. Zilizoandikwa jina la Gichuhi mwenyewe zilikuwa 152 tu!

Mpangilio huohuo wa orodha ndio uliomtoa. Family First ilipomezwa na chama kingine alibaki huru, kisha Februari 2018 akajiunga na chama kikubwa cha Liberal. Miezi michache baadaye wakamweka wa nne kwenye orodha yao. Uchaguzi wa kawaida huwa na viti sita kwa jimbo, na Liberal hutarajia viwili au vitatu. Muhula wake ulikwisha Juni 2019.

La uraia ndilo linalowanasa wengi. Katiba ya Australia humzuia raia wa nchi nyingine kuwa mbunge. Chini ya katiba yetu ya zamani, Mkenya mtu mzima aliyechukua uraia wa kwingine alipoteza wa Kenya papo hapo, na Gichuhi aliupata wa Australia kabla ya katiba mpya ya 2010. Aliyeupata baada ya hapo, kama ni Mkenya wa kuzaliwa, anao wote wawili mpaka aukane wa Kenya rasmi. Tena kutuma maombi hakutoshi: seneta mwenzake Katy Gallagher aliomba kuukana uraia wa Uingereza mapema, lakini siku ya mwisho ya kuwasilisha fomu za kugombea shughuli ilikuwa haijakamilika. Mwaka 2018 akavuliwa useneta.

Msomaji wenu,
Nyeri