Watoto wenye kansa ya shingo na pua, dozi ya mionzi iangaliwe

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi niongelee watoto wanaopigwa mionzi ya kichwa na shingo.

Mtoto wa dada yangu alipata kansa ya nyuma ya pua, ilianza na uvimbe shingoni na damu puani, sasa hivi kapona yuko sekondari, tunamshukuru Mungu na waliomtibu. Ila kaa naye mezani uone, tonge la ugali fundo la maji, tonge fundo la maji, maana mionzi ilipita kwenye tezi za mate, sangara wa kukaanga hamezi mpaka amloweke kwenye mchuzi. Meno ya nyuma yanamong'onyoka, na darasani anakaa mbele kwa sababu masikio yamepungua nguvu.

Kumbe kansa hii kwa watoto mara nyingi inasikia dawa vizuri. Marekani walifanya utafiti, majibu yakatoka 2019, watoto na vijana zaidi ya 100, wengi wao wakaanza na kemo, yaani dawa za kuua kansa, raundi 3 halafu wakapimwa, ambaye uvimbe umenywea vizuri akapewa mionzi grei 61.2 (grei ndiyo kipimo cha dozi ya mionzi) badala ya 71.2, na baada ya miaka 5 zaidi ya 8 kati ya 10 walikuwa hai na ugonjwa haujarudi. Ujerumani walishuka zaidi, 59.4, na ambaye uvimbe hauonekani tena kabisa, 54. Hizo grei 10 usizidharau jamani, taya la mtoto bado linakua, na tezi ya thairoidi hapo shingoni ikichoka mtoto anadumaa na kusinzia hovyo.

Sasa wazazi wenzangu wa Ukerewe, Sengerema na Geita msinielewe vibaya, kupunguza dozi sio kukatisha matibabu. Wapo wanaoondoka katikati kwa sababu ya nauli, vidonda vya mdomo na ngozi ya shingo kuwa nyeusi, hiyo ni hatari kubwa. Anayepunguza ni daktari, baada ya kemo, baada ya kipimo, na sio kila kansa. Ile ya Burkitt inayovimbisha taya haraka, tunayoijua sana huku ukanda wa ziwa, yenyewe kwa kawaida inatibiwa kwa kemo tu.

Ombi langu kwa serikali na hospitali zetu za kanda: daktari hawezi kushusha dozi bila kujua uvimbe umebaki kiasi gani, anahitaji picha za ndani ya mwili za MRI au siti skani kabla ya kemo na baada, na hapo ndipo familia nyingi zinakwama, bili inatisha. Mtoto mwenye kansa apigwe hizo picha bure. Meno yatibiwe kabla ya mionzi kuanza. Mzazi aambiwe mwanaye anapewa grei ngapi na kwa nini, aandikiwe kwenye karatasi aondoke nayo. Halafu akimaliza matibabu asiachwe tu, apangiwe tarehe za kupima thairoidi, meno na masikio kila mwaka, sisi hayo tumeyafuatilia wenyewe kwa kuulizauliza.

Mama mdogo, Kirumba, Mwanza