Barua ya wazi kwa Waziri wa Usalama wa Ndani: Mlango wa kutoka mmeuchomelea

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka kwenye banda langu la kuchomelea vyuma, Kariobangi, Nairobi, karibu na Barabara ya Outer Ring. Natengeneza milango, madirisha na mageti. Kwa miaka mingi nimepokea vijana wa Huruma, Korogocho na Dandora nikawafunza kazi. Wengine leo wana mabanda yao na wananinyang'anya wateja, na sina kinyongo. Watatu tumewazika. Risasi zilikuwa za nani, leo sisemi.

Kila baada ya muda tunaambiwa magenge yatafagiliwa. Mwaka 2010 Bunge lilipitisha sheria ya kuzuia uhalifu wa kupangwa, na makundi 33 yakapigwa marufuku. Mwishoni mwa 2016 orodha ikawa na makundi 90. Hiyo ingekuwa dawa ya mende, ningeirudisha dukani.

Sikiza hesabu ya huku. Kijana mpya kwangu hana mshahara miezi mitatu ya kwanza. Anachoma vijiti vya kuchomelea bure, anakata chuma kikiwa kifupi kwa inchi mbili, hasara yangu. Nampa chakula cha mchana na nauli basi. Jioni anapita maskani, pale kundi linapokaa, na pale hakuna anayemwambia angoje miezi mitatu. Anaambiwa akusanye pesa za matatu pale steji, au alale akilinda bomba la maji ambalo mtu amelifanya lake, na kabla ya asubuhi ana pesa mkononi. Nyanya yake akifa, hao hao wanachanga jeneza. Mimi hutoa mia mbili, nikiwa nazo.

Halafu kuna woga. Kijana wa Korogocho akivuka mto peke yake kwenda Dandora, anaweza kurudi bila viatu. Akiwa na kundi, anavuka na viatu vyake. Hili watu wa semina hawalisemi sana.

Kuingia, basi, ni rahisi. Ninachokuandikia hasa ni kutoka.

Nina kijana hapa wa miaka 22. Alipita mtihani wa darasa la nane, karo ya kidato cha kwanza ikakosekana, na akiwa na miaka 15 alikuwa keshaingia kundini. Akiwa na 19 alikamatwa na wenzake usiku. Aliambiwa akikubali kosa atatoka haraka, akakubali, akapewa kifungo cha nje, akafagia kwa miezi kadhaa. Alidhani yameisha. Akaja kwangu, na mkono wake sasa umetulia kuliko wangu. Akichomelea kona, huoni mahali vyuma vilipokutana.

Mwaka huu kampuni moja ya ujenzi ilimwona akifunga geti la mteja, ikamwita. Wakataka cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi. Alilipa shilingi 1,050, akapigwa alama za vidole, akangoja. Cheti kilirudi na lile kosa limeandikwa. Kampuni ikamwambia itampigia simu. Wale wa maskani walimpigia jioni hiyo hiyo, sijui habari waliipata wapi.

Mheshimiwa, sisi mafundi tunajua: mlango ukifunguka kutoka upande mmoja tu, umeufunga vibaya. Mlango wa kuingia mmeuacha wazi, wa kutoka mmeuchomelea.

Naomba upeleke Bungeni pendekezo kwamba kosa dogo la kijana, akishamaliza adhabu na akakaa miaka mitatu bila kukamatwa tena, lisionekane kwenye cheti. Simtetei aliyeua wala aliyebaka. Naomba pia mafundi kama mimi tupewe kitu cha kuwalipa wanaojifunza ile miezi mitatu, wakiiva wapelekwe mtihani wa ufundi wa Gredi III wa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani.

Na mkitafuta wakuu wa magenge, msiangalie vibanda peke yake. Tarehe 17 Juni 2025 watu waliojaa kwenye pikipiki waliingia katikati ya jiji na rungu na mijeledi, wakawapiga waandamanaji mchana kweupe, na polisi wapo. Sisi wa umri wangu tulikumbuka Jeshi la Mzee, lile genge la chama tawala cha KANU lililopiga wapinzani miaka ya 1990. Petroli ya pikipiki zote hizo haikutoka mfukoni mwa kijana wa Huruma. Nani aliinunua? Anayejibu swali hilo atakuwa amenisaidia kuliko misako kumi ya usiku, ambayo mara nyingi humbeba mwenye rasta na kumwacha mwenye bastola.

Kijana wangu yuko nje sasa hivi, anapiga rangi geti la mteja wa Umoja. Ijumaa nitamlipa. Ijumaa inayofuata sina kazi ya kumpa, na yeye anajua.

Wako,
Fundi wa mageti, Kariobangi