Yah: Malalamiko kuhusu swichi ya koridoni katika nyumba niliyonunua kwenu Nzuguni

Nzuguni, Dodoma
12 Mei 2025

Kwa Meneja wa Kampuni,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi Machi nilikabidhiwa funguo za nyumba moja kati ya zile mlizojenga hapa Nzuguni. Koridoni, karibu na mlango wa stoo, kuna swichi ya vitufe viwili. Cha kushoto kinawasha taa ya korido. Cha kulia, kwa wiki sita, hakuna aliyejua kinawasha nini.

Mke wangu alisimama pale akibonyeza, mimi nikazunguka na chaja ya simu nikiichomeka soketi moja baada ya nyingine. Taa za nje, hita ya bafuni, pampu ya simtanki, hakuna kilichobadilika. Nilipiga simu ofisini kwenu mara tatu, na mara zote nilijibiwa, "Hiyo haina shida mzee, iacheni tu." Tukaiacha, mara imewashwa, mara imezimwa, kutegemea mtoto gani amepita pale.

Kilichonishtua ni LUKU. Yuniti zilikuwa zinaisha kabla ya siku zake. Jumamosi moja nilizima kila kitu, nikachomoa hata friji, nikasimama mbele ya mita na saa mkononi. Taa ndogo nyekundu iliendelea kumweka, kila baada ya sekunde 36. Nikamwambia mwanangu aizime ile swichi, taa ikatulia. Mita yangu imeandikwa kuwa inamweka mara 1,000 kwa kila yuniti, kwa hiyo kulikuwa na kitu kinakula wati 100, sawa na yuniti 2.4 kwa siku nzima, na hatukioni.

Usiku ule tulizima taa zote tukawasha kitufe hicho peke yake. Macho yalipozoea giza, mke wangu akanyoosha kidole juu. Pale jipsamu inapokutana na ukuta wa stoo palipenya mwanga mwembamba kama uzi.

Sikupanda mwenyewe. Kesho yake nilimwita fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, akazima mein swichi ndipo akapanda darini. Alikuta globu ya wati 100, zile za zamani, imening'inizwa kwenye msumari. Mafundi wenu walijiwekea taa hiyo wakati wa kufunga jipsamu, wakaiunganisha na swichi yetu, wakafunika, wakaondoka. Maungio ya nyaya yalikuwa wazi, hayakuzungushiwa hata tepu. Ubao ulioguswa na globu ulikuwa umeungua, doa jeusi la upana wa kiganja. Nilipolisugua, masizi yalibaki vidoleni. Upande wa pili wa ukuta huo wanalala watoto wangu.

Globu ya aina hiyo hugeuza sehemu kubwa ya umeme wake kuwa joto, na darini, chini ya bati, mchana wa Dodoma, joto hilo halina pa kwenda. Ndiyo maana lile jibu la "iacheni tu" limeniuma kuliko yuniti zilizopotea. Aliyenijibu hakujua swichi inawasha nini. Angewezaje kujua kwamba haina shida?

Naomba wiki hii mtume fundi mwenye leseni akague nyumba zote za mtaa huu. Waliozijenga ni mafundi walewale, na majirani zangu wawili wana kitufe kama changu kisichojulikana kazi yake. Nimewashauri wasikiguse. Kwa upande wangu, nadai ubao ubadilishwe, nirudishiwe gharama ya fundi (risiti nimeambatanisha), na nipewe mchoro wa nyaya za nyumba mlioniahidi siku ya makabidhiano. Haya nawapa siku 14.

Globu nimeihifadhi, na ubao bado uko palepale. Mkija mtaviona.

Wako,
Mnunuzi wa nyumba, Nzuguni