Kipaza sauti kishuke kwa watazamaji

Mhariri,

Vituo vyetu vya televisheni hapa Uganda vikiandaa vipindi vya usiku, huchukua kwa Wamarekani meza, kochi na kicheko. Naviomba vichukue pia kile alichokifanya Steve Allen, mtangazaji wa kwanza wa kipindi cha Tonight cha NBC.

Allen alizaliwa New York mwaka 1921. Wazazi wake wote wawili walikuwa wachekeshaji wa jukwaani. Baba alifariki yeye akiwa mdogo mno, akakulia Chicago kwa ndugu za mama. Lakini shule yake hasa ilikuwa redio. Alipokuwa katika kituo cha redio cha KNX, Los Angeles, usiku mmoja mwimbaji Doris Day alisubiriwa kwa mahojiano na hakutokea. Allen akabeba kipaza sauti, akashuka hadi kwa waliokuja kutazama, akaanza kupiga soga nao. Ukumbi ukavunjika mbavu. Mtu asiye na jina, akiulizwa na kusikilizwa kwa moyo, anatosha kuwa kipindi kizima.

Hayo ndiyo aliyoyapeleka Marekani nzima kuanzia tarehe 27 Septemba 1954, mubashara, hadi saa saba usiku. Alipiga piano, aliimbisha wageni, na kamera aliitoa nje kuwahoji wapita njia. Aliondoka Januari 1957. Alifariki mwaka 2000, na kipindi kingali hewani.

Wapo wanaoamini kwamba raia akipewa kipaza sauti ataleta vurugu tu. Mbona tulikuwa na ebimeeza, ile mijadala ya redio iliyofanyika hadharani mbele ya watu? Radio One pale Club Obbligato, redio ya CBS ya Buganda na kipindi chao cha Mambo Bado pale Mengo: mtu asiye na cheo alisimama, akasema lake mbele ya mbunge, na nchi ikasikia. Serikali ilipiga marufuku mijadala hiyo Septemba 2009, baada ya ghasia za Kampala. Mimi naihesabu kuwa hasara kubwa ambayo utangazaji wetu haujaifidia. Leo ni wanasiasa walewale, kochi lilelile.

Waandaaji, pelekeni kamera soko la Owino, mji wa Bombo, hata huku kwetu Arua, na mtu aongee Kiswahili akitaka, kwani Katiba inakitambua kama lugha rasmi ya pili tangu 2005. Usiku mmoja kwa wiki unatosha kuanzia. Na siku mheshimiwa akichelewa, msijaze muda kwa matangazo ya biashara. Waulizeni waliokaa ukumbini.

Mtazamaji wenu,
Arua