Jibu la swali lako la juzi

Birmingham,
Jumapili usiku

Shoga yangu Rukia,

Nisamehe kwa kukukatia simu juzi. Uliponiuliza, "Sasa mtoto ni mgonjwa au si mgonjwa?" koo lilinikaba. Leo amelala mapema, nina nafasi ya kukueleza.

Alipokuwa na siku tano walimchoma kisiginoni wakachukua matone ya damu. Huku kila mtoto mchanga hupimwa hivyo, na sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaojaza mapafu makamasi mazito na kulitia jasho chumvi nyingi, ni mojawapo ya magonjwa wanayoyatafuta. Damu yake ikatiliwa shaka. Wakapima jeni, wakakuta kasoro mbili. Moja inajulikana, tena huonekana kwetu sisi watu weusi, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu peke yao. Ya pili, madaktari wenyewe hawana hakika kama inadhuru. Basi likabaki kupima chumvi ya jasho lake.

Walimbandika mkononi vidude viwili vyenye pilokapini, dawa ya kutoa jasho, wakapitisha umeme mdogo kwa dakika tano. Alikunja uso, hakulia. Pakabaki duara jekundu, wakalifunika kwa kitu mfano wa saa, ndani yake mrija mwembamba uliojiviringa. Nusu saa nzima nilimpakata ndani ya blanketi, macho kwenye ule mrija, jasho likipanda kidogo kidogo, rangi ya buluu. Halikutosha! Ikabidi turudi baada ya wiki mbili. Siku hizo, Rukia, usiku nilikuwa namlamba kipaji nionje chumvi, kisha naenda kumlamba dada yake aliyelala nilinganishe.

Mara ya pili likatosha. Kloraidi, yaani kipimo cha ile chumvi, ilikuwa 43. Ingekuwa chini ya 30 wangesema huenda hana. 60 na kuendelea, anao. Yeye yuko katikati. Watarudia akifika miezi sita, kisha miaka miwili.

Wapo wanaonishauri nimhesabu mzima, yaishe. Sikubali. Wala sitaki apachikwe jina la ugonjwa ambao huenda hana, akaishi nalo. Ananyonya vizuri, ananenepa, kifua hakina kitu. Nitampeleka kila tarehe wanayonipa.

Kuhusu kuja Mombasa mwezi wa pili: nimesoma kwamba siri ya jasho hili iligunduliwa New York, kwenye joto kali la mwaka 1948, watoto wenye ugonjwa huu walipokuwa wakiishiwa maji mwilini kuliko wenzao. Daktari Paul di Sant'Agnese akajiuliza kwa nini, akaikuta sababu kwenye chumvi. Nikaogopa joto la kwetu. Daktari wetu amesema tuje, ila nimnyonyeshe mara kwa mara na nisimtoe juani mchana. Nitafutie feni nzuri ya chumbani.

Mama mwambie mjukuu hajambo. Haya mengine nitamweleza mwenyewe nikifika.

Wako,
Mwanaisha