Barua ya Malalamiko: Nililipia Softiboli, Nikafundishwa Besiboli

Meneja,
Idara ya Kambi za Vijana.

YAH: KUREJESHEWA NUSU YA ADA YA KAMBI YA SOFTIBOLI

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni msichana wa miaka 16, mrushaji wa timu ya shule, yaani anayemrushia mpigaji mpira, na nilihudhuria kambi yenu ya siku tano wakati wa likizo. Ada ya shilingi 180,000 aliilipa mama kwa simu, kwa awamu mbili. Mama ni fundi cherehani. Nalitaja hilo kwa sababu futikamba yake inahusika huko chini.

Tangazo lenu lilisema "softiboli ya ushindani, mafunzo maalumu kwa warushaji", likawa na picha ya dada anazungusha mkono kurusha kutoka chini. Picha hiyo ndiyo iliyonileta. Siku ya kwanza tukagawiwa mipira, na wangu nilipoushika tu nikajua kuna jambo, maana vidole viliukumbatia karibu wote. Mpira wetu una mzingo wa inchi 12, kama sentimita 30. Ule ulikuwa wa besiboli, inchi 9. Nikamwamkia kocha, nikamweleza. Shikamoo aliiitikia vizuri. La mpira akasema, "Mpira ni mpira, mwanangu."

Mpigaji pengine angevumilia. Mrushaji hawezi. Sisi mpira tunauachia karibu na nyonga, na unakokwenda kunategemea vidole vinavyouachia mshono. Kocha wenu alitumia siku mbili kunifundisha kurusha kutoka juu ya bega, mrusho ambao mrushaji wa softiboli haruhusiwi kabisa kuutumia. Nikarudi nyumbani bega linawaka. Mama akanichua kwa mafuta ya nazi huku akiuliza kama maumivu nayo yalikuwemo kwenye ada.

Siku ya tatu nikaja na futikamba yake mkobani. Ina sentimita 150 tu, kwa hiyo mwenzangu alikuwa anaweka kidole chini kila inapoishia, nami naivuta mbele. Kutoka anapokanyaga mrushaji hadi kwenye sahani ya mpigaji, kile kibao cha chini anaposimama kupiga, tukapata mara nane na sentimita kama 20. Yaani mita 12.2, umbali wa watoto wasiozidi miaka 12. Wa umri wetu ni futi 43, mita 13.11. Mtasema hata mita moja haijatimia. Sawa, lakini niliporudi kwenye timu, mipira yangu mitano ya kwanza yote ilidunda mbele ya mdakaji, anayeipokea nyuma ya mpigaji.

Helmeti za kupigia zilikuwa mbili kwa wasichana 22, moja haina kinga ya uso. Mdakaji alichuchumaa siku zote tano bila kinga ya kifua. Hilo silidai fedha, ila lirekebisheni kabla mtu hajaumia.

Chakula sina neno, wali na maharage ya nazi vilikuwa vitamu. Na dada aliyetufundisha kukimbia besi, vile vituo vya uwanjani, anaijua kazi yake. Zile mita 18 za kwenda besi ya kwanza sasa nazimaliza vizuri kuliko zamani. Ndiyo maana naomba nusu tu, shilingi 90,000.

Pia naomba ile picha iondolewe kwenye tangazo, au mtafute kocha anayeweza kufanya kinachoonekana pichani. Wenzangu watatu shuleni wameanza kudunduliza hela za kambi ya Desemba, na mmoja wao ni mrushaji.

Fedha zirudi kwenye namba ileile iliyolipa. Mkitaka kuzungumza na mama, mpigieni baada ya saa kumi na mbili jioni. Mchana cherehani zinapiga kelele, hatasikia simu.

Wenu,
Mrushaji, jezi namba 14

Nakala: Mwalimu wa Michezo