Msiseme "Huyu Haelewi"

Kwa wazazi, walezi na walimu wa watoto wenye mahitaji maalumu, Mombasa

Wanangu, Assalamu alaykum, na nyinyi wa dini nyingine salamu zangu ziwafikie vilevile.

Nawaandikia kwa kosa langu mwenyewe. Mume wangu alipofariki, mjukuu wetu mwenye usonji, yaani autism, alikuwa na miaka 10. Aliponiuliza babu yuko wapi, nikamwambia amesafiri. Nilidhani namsitiri. Basi kila baada ya Alasiri, saa ya babu kurudi na feri ya Likoni, mtoto akawa anatoka barazani na vikombe viwili vya kahawa, chake kina maji, cha babu kitupu, anakaa akiikodolea macho kona ya kichochoro. Magharibi ikiadhiniwa anavirudisha ndani, kisha anajigonga kichwa ukutani. Majirani wakasema, huyu haelewi, mwacheni. Kumbe alielewa vizuri: msafiri hurudi.

Watoto wengi wa namna hii hulichukua neno kama lilivyo. Ukimwambia "amelala", ataogopa kitanda. Ukisema Mungu alimpenda akamchukua, atajiuliza nani atapendwa kesho. Semeni amekufa. Najua sisi watu wa pwani ndimi zetu zina haya, twasema ametangulia, ametutoka. Hayo waachieni wakubwa. Siku ya arubaini nilimweka mjukuu wangu mbele yangu nikamwambia: mwili wa babu umeacha kufanya kazi, hapumui, hali, haumwi, harudi. Akauliza, "Hasikii kiu?" Nikamjibu hasikii. Kesho yake akatoa vikombe viwili kama kawaida, lakini cha babu akakifudikiza. Swali hilohilo aliniuliza tena sijui mara ngapi. Jibuni kwa maneno yaleyale, msiyapambe.

Halafu itazameni nyumba. Msiba ukiingia viti hutolewa nje, majamvi hutandikwa, wageni hujaa, vilio, udi, kafuri. Mtoto mwenye kiti chake kimoja cha kulia anaamka hakioni. Mwachieni, japo jikoni. Maiti anapooshwa na jeneza linapotoka, akae kwa jirani aliyemzoea ikiwa zogo linamshinda, lakini msimfiche huko matanga yote. Akitaka kuja aje, na aelezwe kabla atakayoyaona, kwa picha ikiwezekana.

Mimi nilikuwa edani, yaani mjane wa Kiislamu akaapo ndani kwa kufiwa na mume, miezi 4 na siku 10, na ni mimi niliyekuwa nikimpeleka shule. Kwa hiyo alimpoteza babu na asubuhi zake na bibi kwa pamoja, wala hakuna aliyefikiria kumweleza kwa nini sitoki. Ingetosha kalenda ukutani, kila siku akaikata kwa kalamu.

Na watoto viziwi je? Lugha ya Ishara ya Kenya imo katika Katiba tangu 2010, lakini msibani twanong'onezana juu ya vichwa vyao, tukawaachia wasome nyuso.

Walimu, huzuni ya watoto hawa mara nyingi hukawia. Huweza kuja miezi kadhaa baadaye, wakati nyinyi mmeshasahau, na si lazima ije na machozi. Anajikojolea, anagoma kula, anauma wenzake. Mwalimu mmoja alimwadhibu mjukuu wangu kwa kukataa kuingia darasani, na sikumlaumu sana, maana sisi nyumbani hatukumpelekea habari. Wazazi, mjulisheni mwalimu siku hiyohiyo. Nawe mwalimu, ratiba yake usiiguse: kiti kilekile, kengele ileile.

Wiki ya saba mwanangu alimpeleka mjukuu wangu makaburini Kikowani. Alishika udongo wa kaburi, akaunusa, akauliza kama ni mzito. Akaambiwa babu hasikii uzito. Akasema sawa, turudi kwa njia tuliyokuja nayo. Siku hizi Ijumaa zikifika yeye ndiye anayetafuta viatu vya baba yake.

Bibi yenu,
Mji wa Kale